Wifi Dafrosa na Shangingi la Kaka Yangu

Mawifi tuna jina baya, na wengi wetu tumelitafuta wenyewe kwa bidii. Mimi naitwa Goreti. Ni wifi yake Dafrosa, mumewe ni kaka yangu, na tangu nifiwe na mume nakaa nao ua mmoja hapa Nachingwea. Kwa desturi ningekuwa namsema yeye. Nimseme kwa lipi? Wa kusemwa nimetoka naye tumbo moja, anaitwa Felisian, na leo nikishamwanza mniache nimalize.

Dafrosa ana kirikuu, kile kigari cha mizigo chenye uso mfupi, injini iko chini ya kiti, ukienda nacho safari ndefu unashuka umeiva. Alikikuta nyuma ya stoo ya parokia kimekufa, kuku wanatagia ndani. Walimuuzia kama chuma chakavu, huku wanacheka. Akawafukuza kuku, akakisukuma mpaka nyumbani yeye na wenzake wa sokoni, wanaimba njia nzima. Felisian alikuwa amekaa barazani. Hakuinua hata mguu. Aliuliza tu, "Hilo jeneza mnamletea nani?"

Watu husema Dafrosa alianza ufundi kwa kupenda. Uongo. Alichoshwa. Kila akipeleka gari gereji anaambiwa, "Mama, mwite mzee tuongee." Mzee! Mzee mwenyewe hajui maji yanamwagiwa wapi. Kuna fundi mmoja, simtaji kwa sababu ana watoto, alimwambia plagi zake zimekufa, akamfungia nyingine. Sasa Dafrosa ni mtu wa kutia alama vitu vyake, masufuria yake yote yana alama, na zile plagi alikuwa amezidondoshea rangi ya kucha nyekundu. Siku chache baadaye anapita palepale, anamkuta yule bwana anafungia gari la mtu mwingine plagi nzima kabisa, zina rangi ya kucha. Wengine tungepiga yowe. Yeye alinyoosha mkono, akazichukua, akamwambia, "Asante kwa kunitunzia," akaenda duka la vipuri kununua spana. Tangu siku ile hakuna mwanaume aliyefungua kitu kwenye gari lile.

Mwanzoni aliharibu, nisidanganye. Alikuwa anafungua, anarudishia, halafu nati zinabaki kwenye sahani ya chakula. Tunaziangalia. "Wifi, hizi za wapi?" Mimi nitajua! Gari linawaka hivyohivyo, tunashukuru Mungu, na likifika Nanganga kitu kinadondoka barabarani kutujulisha zile nati zilikuwa za wapi. Lakini alijifunza. Akavaa suruali ya Felisian ya harusi, ile iliyomkataa kiuno siku nyingi, akajifunga kanga juu yake, akaingia uvunguni, na akitoka ana oili mpaka kwenye nyusi.

Na wanaume wa mji huu, jamani! Mwanaume wa hapa akiona mwanamke yuko chini ya gari, hata kama yeye mwenyewe amekuja kwa baiskeli ya kuazima, lazima asimame afundishe. "Hapo kaza." "Hapo legeza." "Hapo sivyo, mama." Wanasimama pale na mikono mifukoni, wanatoa maelekezo kwa miguu ya mtu. Dafrosa alikuwa anawaacha waongee mpaka wachoke, kisha anasema kutoka chini, "Haya, nipe hiyo spana ya kumi na mbili," na hapo ndipo wanapokumbuka walikuwa wanawahi mahali. Kutofautisha spana ya kumi na mbili na ya kumi na nne, thubutu!

Kwa gari lile Dafrosa alibeba nyanya na mchicha za akina mama kupeleka soko la Ruangwa, alibeba ngoma za kwaya, alibeba wagonjwa. Mwenzake mkubwa ni Mwantumu, muuza nyanya, Mwislamu mmoja mcheshi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Dafrosa, siku ukifa sisi tutaoza na nyanya zetu." Kwa hiyo gari lile lilikuwa kazi yake, na miguu yake, na ndiyo sehemu pekee hapa duniani ambapo alikuwa haombi ruhusa ya mtu. Nataka mlielewe hilo kabla sijamleta kaka yangu.

Kaka yangu ni dalali wa ufuta. Kazi yake ni kusimama katikati ya mkulima na mnunuzi na kuwazuia wasijuane. Jioni huenda kunywa na wenzake, na huko ndiko walikompa jina. "Karibu, mume wa fundi!" "Mume wa fundi, baiskeli yangu inalia, mwambie mama aje." Utani wa kilevi tu. Mwanaume mwenye akili angecheka akaagiza nyingine. Kaka yangu alirudi nyumbani amenuna, akalala amenuna, na msimu wa korosho ulipoisha akauza kiwanja chake cha pale barabarani, akapanda basi kwenda Dar es Salaam. Akarudi na shangingi.

Loo! Mlango wake ulikuwa mrefu kuliko mlango wa jiko letu. Jeusi, vioo vyeusi, matairi yanafika kiunoni, viti bado vimevikwa nailoni na marufuku kuitoa. Ukikaa unateleza, nailoni inalia kama mfuko wa rambo. Halikuingia getini. Mtu timamu angejua hiyo ni ishara. Felisian akabomoa ukuta, bado halikutosha, akabomoa jiko la Dafrosa. Jiko! Mwanamke akapika wiki nzima juani, gari linalala chini ya turubai.

Akaanza kulipeleka dukani kununua vocha. Duka lile mimi nikisimama mlangoni nawasikia wanavyojibizana. Analiwasha, linanguruma, mbuzi wanakimbia, anakwenda, ananunua vocha, anageuza kwa tabu kama anageuza nyumba, anarudi. Sokoni alikuwa akiegesha pale wanapokaa akina mama wa nyanya, wanainuka na ndoo zao kumpisha. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo walivyosema, lakini Mwantumu alisema jingine ambalo siwezi kuliandika nikiwa Mkristo. Na kusalimia kukaisha. Mji huu tunasalimiana, hata kama umenikosea jana leo nakuuliza umeamkaje. Yeye vioo juu, kiyoyozi, anapita kama maiti ya mkubwa.

Dafrosa si msemaji. Siku ya kwanza alilizunguka lile gari, akaliinamia chini, akalitazama uvungu kama wanawake wengine wanavyotazama mtoto mchanga wa mtu. Kisha akaniambia pembeni, "Gari lote hili la kubeba mtu mmoja. Na mwenyewe mfupi." Nilicheka nikashika ukuta. Baadaye aliona taa moja ya nyuma haiwaki, akaleta bisibisi yake. Felisian akamkemea mbele ya majirani. "Usiliguse! Hilo si la watu wa kutambaa chini." Dafrosa akarudisha bisibisi kwenye boksi. Hakuligusa tena.

Ningedhani mtu akishapata gari kubwa roho yake itatulia. Wapi! Kule kilabuni walihamia jingine. "Hilo nalo anatengeneza mama?" Basi. Kaka yangu akaona dawa ni moja: kile kirikuu kiondoke, na mkewe aonekane amekaa kwenye shangingi, msafi, mikono mapajani, kama mke wa mtu. Akamwambia auze. Dafrosa akasema hauzi. Akamwambia tena mbele ya Padri. Akasema hauzi. Ndipo Felisian akaitisha kikao cha wajomba.

Kwetu sisi Wamwera, wanandoa wakigombana baba anaweza kukaa kando akavuta tumbaku yake. Wenye neno ni wajomba, wa upande wa mume na wa upande wa mke. Wakisema, imesemwa. Mjomba wa Dafrosa anaitwa Mzee Eusebio, anakaa Nanganga. Mjomba wetu sisi, kaka yake marehemu mama, ni Mzee Amedeus wa Malolo, upande wa Ruangwa, mzee wa watu, goti moja limekufa, Kiswahili anakijua cha kuombea maji tu na mambo mazito huyasema kwa Kimwera. Felisian alitangaza mapema atakalosema pale: mke achague, kirikuu au ndoa. Na alijua wazee watasema nini, maana tangu lini wazee wakamwambia mwanamke achague gari?

Usiku ule nilimuuliza Dafrosa, "Wifi, wakikwambia uuze?"

"Sijui," akasema. Alikuwa anatoa uchafu kwenye kucha kwa njiti ya kiberiti. "Nampenda kaka yako. Ndilo tatizo, Goreti. Ningekuwa simpendi ningeshajua."

Nilimkasirikia kwa jibu lile. Nilitaka amdharau kama mimi.

Siku ya kikao Felisian akasema tukamchukue Mjomba Malolo kwa shangingi, tumpe heshima. Heshima yenyewe alitaka apewe yeye, aonekane njia nzima. Mimi nikaenda naye kumtunza mzee. Dafrosa alikuwa ameshaondoka alfajiri na nyanya za Mwantumu kwenda Ruangwa, kwa sababu nyanya hazijui kikao. Nikakaa nyuma juu ya nailoni, nateleza kila kona, wanavijiji wanatupungia mikono wakidhani ni serikali. Felisian anapiga honi. Ningetamani niwaambie lile gari liliharibika njiani. Halikuharibika. Lilikuwa zima, na linakwenda vizuri, na hilo lilizidi kuniudhi.

Tukafika. Tukampa Mjomba shikamoo, akaitika, tukanywa uji wake. Sasa kupanda. Mzee akafungua mlango, akatazama juu kama mtu anayetazama nazi. Akaweka mguu mzima kwenye kile kikanyagio, goti bovu likagoma. Felisian akamsukuma nyuma, mzee akasema tss. Tukajaribu upande wa pili, ni ileile. Mtu wa umri ule kusukumwa makalio na mpwa wake mbele ya wajukuu, unafikiri ni heshima?

"Subirini," Felisian akasema, akakimbilia jikoni kwa Mjomba. Akarudi anaviringisha kinu. Akakipindua, mdomo chini kitako juu, akakipiga kofi. "Kanyaga hapa, Mjomba."

Kile kinu ni cha mama yetu. Alipokufa kilirudi kwa kaka yake, ndivyo tunavyofanya. Mama alitutwangia humo, mimi na huyohuyo Felisian, mihogo na mtama, na nyumbani kwetu tangu tunatambaa tuliambiwa kinu hakikaliwi, hakikanyagwi, wala hakipinduliwi mdomo chini isipokuwa siku ya msiba. Tulichapwa kwa hilo. Felisian alichapwa zaidi yangu kwa sababu alikuwa mkaidi.

"Felisian!" nikapiga kelele. "Unajua hicho ni kinu cha nani?"

"Ah, kinu ni kinu," akasema. "Nitawanunulia kingine."

Mjomba aliinama kwa tabu, akakigeuza kinu kikae sawa, akakifuta mchanga kwa kiganja, ndani na kwenye mdomo. Kisha akaniambia mimi kwa Kimwera kwamba yeye atakwenda kikaoni, lakini si kwa kupandia pale. Felisian akamsihi, akalaumu goti, akalaumu kinu, akatazama saa yake. Mwishoni akasema, "Basi mtajua wenyewe, mimi nina wageni nyumbani," akapanda peke yake kwenye gari la watu wanane, akaondoka. Huyo ndiye aliyekuja kumpa mjomba wake heshima.

Nikampigia simu Dafrosa. Alikuwa anashusha nyanya za mwisho Ruangwa. Hakuuliza maswali, alikuja. Kirikuu ni kifupi, kiti chake kiko usawa wa makalio ya mzee yeyote. Mjomba akageuka, akakaa, akaingiza mguu mmoja, na ule wa pili akauingiza kwa mkono. Mimi nikapanda nyuma na ndoo tupu. Mshtakiwa ndiye anayemleta hakimu. Nilicheka peke yangu kule nyuma, na vumbi likaniingia mdomoni.

Hatujafika mbali, waya wa klachi ukakatika. Dafrosa akaliachia gari liteleze mpaka pembeni, akaweka mawe kwenye matairi. Akamtafutia Mjomba jiwe lenye kivuli. Kisha akafunga kanga, akaomba radhi, "Mjomba, nisamehe, nalala chini mbele yako," akaingia uvunguni. Alikuwa anajua fika kesi yake ni hiyohiyo ya kulala chini ya gari. Angeweza kusubiri apite mtu. Hakusubiri.

Mjomba akamtazama muda mrefu. Akaniuliza, huyu anafanya nini hasa? Nikamwelezea: waya umekatikia kwenye ncha, anaukunja upya na kuubana kwa nati mbili utufikishe. Akauliza kama ni kazi ngumu. Dafrosa akajibu mwenyewe kutoka chini, kwa Kimwera, kwamba si ngumu, ni chafu tu. Mzee akatikisa kichwa, akasema kulima nako ni hivyohivyo.

Hapo tukasikia mngurumo nyuma yetu. Shangingi. Kumbe kaka yangu alipitia Ruangwa mjini kujionyesha stendi kwanza, ndiyo maana tulikuwa mbele yake. Nikasimama nikampungia. Barabara ile ni nyembamba na nyeupe, huwezi kukosa kumwona hata kuku. Na sisi tulikuwa hatujifichi: mimi nimeinua mikono, Mjomba amekaa juu ya jiwe na fimbo yake, miguu ya mke wa mtu imetokeza chini ya gari, imevaa suruali ya harusi ya dereva mwenyewe.

Akapunguza mwendo. Nikasema moyoni, afadhali, ana roho ya mtu. Akafika usawa wetu, taratibu kabisa, nikaona sura yangu kwenye vioo vile. Kisha akakanyaga mafuta. Kokoto zikaruka chini ya kirikuu nikasikia zinavyogonga bati. Vumbi likamfunika Mjomba mpaka akawa mweupe kama aliyetoka mashineni.

Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kimwera, nikamaliza na maneno ya Kimakonde niliyojifunza sokoni. Dafrosa alitoka uvunguni. Kokoto ilikuwa imemchana juu ya jicho, kidogo tu, damu imechanganyika na oili. Alilitazama lile vumbi mpaka likatulia. Alikuwa ameona kila kitu kutoka kule chini, matairi yakipunguza mwendo, yakikaribia kusimama, kisha yakiondoka.

"Alituona," akasema.

"Alituona, wifi."

Akajifuta kwa ncha ya kanga, akarudi chini kumalizia nati.

Nyumbani tulimkuta Mzee Eusebio wa Nanganga ameshafika, anazunguka shangingi na kulipapasa kama ng'ombe wa mahari. Mjomba wa mke huyo! Amekuja kumtetea mpwa wake, na ameshanunuliwa na rangi ya gari. Tukakaa ukumbini, wazee kwenye makochi, sisi wanawake kwenye mkeka. Mwantumu hakuruhusiwa kuingia kwa sababu si ndugu, akakaa dirishani nje, na kila mtu akajifanya hamwoni.

Felisian akasema. Alisema kwa kirefu, na kwa Kiswahili cha mikutano. Kwamba yeye ni mtu anayeheshimika. Kwamba amemletea mkewe gari la hadhi. Kwamba mkewe anatambaa chini kama mjusi, watu wanapita wanaona. "Mimi nasema hivi mbele ya wazee. Kile kikopo kiuzwe, akae kwenye gari la mumewe kama wanawake wengine. Hataki, achague. Kikopo au mimi."

Mzee Eusebio akakohoa. "Binti yetu, gari kama lile! Hata mimi ningekubali kukaa humo. Mwanamke hujishusha, mwanangu. Uza."

Mjomba Amedeus alikuwa bado na vumbi kwenye nyusi, alikataa maji ya kunawa. Akamuuliza Felisian kwa Kimwera swali moja tu: njiani ulituona?

Felisian akatazama dari.

"Nilidhani mmepumzika," akasema.

Mmepumzika! Mwantumu kule dirishani akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mimi nilisimama nikaketishwa. Mjomba akainua mkono tunyamaze, akatoa neno lake, na nilitafsiri ili Mwantumu naye asikie: kwamba kirikuu ni cha huyu mwanamke, kisiuzwe, na atakayekigusa amegusa ukoo. Kwamba Felisian amwombe mkewe radhi, na yaishe.

Nikapiga kigelegele nusu. Nilidhani tumeshinda. Kaka yangu akainuka, shingo imevimba. "Neno la Mjomba nimelisikia. Lakini nyumba hii ni yangu. Mimi na lile kopo hatulali ua mmoja. Nimesema achague, achague." Akakaa, akakunja mguu. Nilimjua. Alikuwa na hakika. Ndoa ya kanisani, miaka kumi na sita, mwanamke anayempenda, atakwenda wapi? Hata Mzee Eusebio alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Dafrosa alikuwa amekaa karibu yangu, ule mchubuko juu ya jicho umekauka. Alipiga magoti mbele ya Mjomba kwanza, akamshukuru. Kisha akamgeukia mumewe. Hakupandisha sauti.

"Felisian, gari likiharibika najua pa kushika. Nikikosea leo, kesho nafungua tena, najua pa kushika. Wewe miaka yote hii nimekuzunguka, nimekuinamia, sijapajua. Leo ulipopunguza mwendo nilisema, ndipo hapa. Ukapita." Akainuka, akakaza kanga. "Nachagua gari."

Alikwenda chumbani, akatoka na begi moja na boksi la spana. Mwantumu akampokea begi mlangoni bila kuulizwa. Nikamfuata mpaka nje, nimemshika mkono, nalia kama mtoto, maana ndugu yangu wa kweli kwenye ua ule alikuwa yeye. Akanikumbatia na oili yake yote. "Ruangwa si mbali, wifi," akasema. "Jumamosi nitakupitia." Kirikuu kikawaka mara moja, wakaondoka na Mwantumu kwa njia ya Ruangwa, na mimi nikabaki na kaka yangu.

Alikuwa amesimama pale lilipokuwa jiko, anatazama barabara. Shangingi liko pembeni yake, linang'aa.

"Goreti," akasema, "anakwenda wapi?"

"Mfuate ukamuulize. Si una gari?"

Akatoa funguo mfukoni. Akazitazama. Nilitaka kumcheka, nimemcheka maisha yake yote, na siku ile nilikuwa na kila sababu. Akaniuliza polepole, "Nikimfikia nimwambie nini?"

"Anza na samahani."

Akanitazama kwa macho yale aliyokuwa nayo tukiwa watoto, hana hila, haelewi kweli. "Samahani ya nini?" akasema.

Nikamwacha hapohapo, nikaenda kumtafutia Mjomba usafiri wa kurudi Malolo.